Kambare Alikozitoa Ndevu

Zamani kambare hakuwa na ndevu. Chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Uso wake ulikuwa mwororo, na mwili wake mzima ulikuwa umefunikwa magamba makubwa yaliyong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Wala hakuishi huku mabondeni kwenye matope. Aliishi juu kabisa mlimani, kwenye sakafu ya ziwa la Kihanda, peke yake, na hakuwa na haja ya kupanda juu kuvuta hewa kama afanyavyo leo. Kazi yake kutwa ilikuwa kujigeuza huku na huku akijitazama. Kwa kujipenda, hakuwa na mwenzake.

Wakati huo ziwa la Kihanda lilikuwa likiganda. Msione leo barafu imekwenda kujificha kwenye kilele peke yake mkadhani ndiyo ilikoumbiwa. Msimu wa baridi ulipofika, maji yalilala maji yakaamka barafu. Lakini haikuwa barafu ya kuaminika. Iliganda usiku, ikashika asubuhi, na jua likishavuka bega la mlima ilianza kulainika. Tena ilikuwa nyembamba. Mtu mzima akiikanyaga hatua ya kwanza, inalia. Ya pili, inamfungulia mlango. Basi watu wa bonde lililo chini ya mlima wakaona samaki weupe wako chini wanaogelea, wanene, wengi, na wao wenyewe hawawezi kuwafikia.

Ndipo wakapata akili ya kuwatuma watoto. Mtoto ni mwepesi, barafu inamvumilia. Kila msimu wa baridi, siku zile baada ya soko, siku ambazo majembe yalikuwa yanapumzishwa, watu walipanda mlimani na watoto wao, wakalala pangoni, na asubuhi watoto wakatembea juu ya ziwa. Walitoboa mashimo kwa miti iliyochongwa ncha, wakateremsha mishipi, wakavua. Wakubwa walikaa ukingoni wakiota moto na kupiga kelele za mawaidha ambayo hakuna aliyewaomba. Kila mtoto alikuwa na mshipi uliosokotwa na mama yake kwa nyuzi za mgomba, ukatundikwa juu ya jiko mpaka ukawa mweusi kwa moshi ili usioze, na ncha yake ilikuwa ndoana ya mwiba.

Sasa, mtoto naye haachi kukua. Leo mwepesi, mwakani mzito, na barafu haitazami umri. Kwa hiyo kabla ya kupanda, watoto wote walipimwa. Gogo refu lilining'inizwa katikati kwa kamba. Upande mmoja kikapu, upande wa pili mkungu wa ndizi uliokatwa asubuhi ile. Mtoto aliingia kikapuni. Ndizi zikishuka, mtoto anapanda mlimani. Mtoto akishuka yeye, ameizidi ndizi, na hapo hapo anatolewa kikapuni na kukabidhiwa jembe. Huo ndio ulikuwa utu uzima wa kule. Wengine waliupokea kwa vigelegele, wengine walilia mpaka kamasi.

Aliyekuwa na kazi ya kuchagua mkungu alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Kavira. Alikuwa mtu wa haki, na mkungu wake haukuwahi kutiliwa shaka. Aliutoa kwenye shamba lake mwenyewe, mkungu wa kawaida, wala mnene wala mwembamba. Watoto wake wote walikwisha kuizidi ndizi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimkabidhi jembe kwa mkono wake bila kupepesa macho. Akabaki na mmoja tu, kitinda mimba wake, Thembo.

Thembo alikuwa anaijua barafu kuliko anavyolijua shamba. Alitambua kwa mlio tu mahali pa kutoboa na mahali pa kukwepa. Lakini mwaka ule alikuwa amerefuka ghafla, miguu imetangulia mbele na mwili unaifuata, na kila jioni alikuwa akisimama ukutani na kukunja mgongo akijaribu kujifupisha. "Mama," alimwambia Kavira wiki nzima, "mara moja tu. Mwaka huu tu, kisha nipe majembe hata mawili." Kavira alimkaripia, akamwambia ndizi haina upendeleo. Alisema hivyo mdomoni. Moyoni ilikuwa habari nyingine. Akimkabidhi Thembo jembe, nyumba yake haitakuwa na mtoto tena, na hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Asubuhi ya kupimwa, Kavira hakwenda shambani kule juu alikozoea. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mgomba uliosimama kando ya jalala. Mgomba ule ulikuwa umekula maganda, majivu na mavi ya mbuzi miaka yote, na mkungu wake ulikuwa umevimba mpaka umeupinda. Alipoufikisha uwanjani alikuwa anahema. Wazazi wote walikuwapo. Waliutazama mkungu, wakamtazama Kavira, wakatazama watoto wao.  Mzee Muhindo, aliyekuwa kiongozi wa safari, alikohoa kidogo, kisha akasema, "Haya, tuanze, jua halitungoji."

Mwaka ule hakuna mtoto hata mmoja aliyeizidi ndizi. Walipita wote, na wale wenye sauti zilizoanza kukwaruza, na wale waliokwisha kuanza kujitazama kwenye maji. Thembo aliingia kikapuni amefumba macho, ndizi zikashuka taratibu, naye akaruka juu kwa furaha kabla kikapu hakijatulia. Kavira aliona furaha ile akajisamehe papo hapo.

Walipanda kutwa nzima, watoto mbele, wakubwa nyuma wakiyalaumu magoti yao. Walilala pangoni wakiwa wamebanana. Kulipopambazuka ziwa lilikuwa jeupe na gumu, na asubuhi ile ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Samaki waliruka juu ya barafu mpaka watoto wakachoka kuwaokota. Kabugho, binti wa kaka yake Kavira, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote na mwenye sauti kuliko wote, alivua samaki mrefu kama mkono wake, akakataa kabisa kumkabidhi mtu, akalala naye. Kavira alipumua. Alijiambia kwamba barafu haijui habari za majalala.

Usiku wa pili mbingu zilifunga mawingu. Nyinyi mnajua, usiku wa mawingu hauna baridi kali. Asubuhi ziwa lilikuwa limeganda ndiyo, lakini rangi yake haikuwa nyeupe ya jana, ilikuwa ya kijivu. Watoto walipoingia, Kavira alisikia mlio. Haukuwa mkubwa, ni kama mtu aliyekanyaga ukuti mkavu. Alitaka kuita. Lakini akiita, ataulizwa kwa nini, maana watoto wamepimwa na mizani imesema ni wepesi, na mwenye mizani ni yeye. Akaufunga mdomo. Akaongeza kuni motoni ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Thembo alikuwa katikati kabisa, kwenye shimo lake, na wenzake wamemzunguka. Samaki walikuwa wameanza kula vizuri. Alisimama amwonyeshe mama yake samaki mmoja, akamwinua juu, na barafu ikampokonya. Hakupiga kelele. Palikuwa na Thembo, kisha pakawa na shimo.

Kavira aliruka. Mguu wake wa kwanza ulikwisha kutua juu ya barafu, ufa ukakimbia mbele yake kuelekea kwa watoto, na Mzee Muhindo akamdaka kiunoni kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kuwa bado anazo.

"Niache! Mzee, niache, mwanangu huyo!"

"Ukikanyaga tena utawazamisha wote," alisema mzee, na yeye mwenyewe alikuwa analia. "Paza sauti, mama. Sauti haina uzito."

Kavira akapaza sauti. Wanaosema walimsikia mpaka kijijini ni waongo, lakini kidogo tu. "Laleni! Laleni kifudifudi, asisimame mtu!" Watoto wakaanguka chini kama nguo zilizoanikwa majanini. "Tambaeni mpaka shimoni! Mishipi yote ndani! Yote!" Wakatambaa kwa matumbo, wakaitupa mishipi yao myeusi ndani ya shimo lililommeza Thembo, wakangoja. Mishipi ilining'inia tu majini. Hakuna aliyeivuta. Hapo Kavira akaanza kulia kilio ambacho hakuna mtu awezaye kukisimulia, na wanawake wote waliokuwa ukingoni wakalia naye.

Yaliyotokea chini aliyasimulia Thembo mwenyewe baadaye. Mkitaka kubisha, bisheni naye.

Alizama mpaka sakafuni, akatua juu ya kitanda cha kambare. Kambare aliamka kwa hasira. "Wewe, umekuja kuvua au kuvuliwa?" akamuuliza. Thembo, kwa vile hakuwa na kitu kingine cha kushika, akamkumbatia kiunoni. "Toa mikono!" kambare akafoka. "Unanichubua magamba. Unajua nimechukua muda gani kuyapanga hivi?" Thembo hakutoa mikono.

Ndipo kilio kikafika chini. Maji huchukua sauti vizuri, na barafu ilikuwa imekifungia ndani hakina pa kutokea. Kambare hakuwahi kusikia kitu kama kile. Alinyamaza akasikiliza, kisha akauliza ni nini. "Ni mama yangu," Thembo akamwambia. Kambare akauliza mama ni nini. Thembo hakuwa na pumzi ya kueleza mengi. "Ni anayekulilia ukichelewa," alisema.

Kambare alifikiri. Yeye alitagwa pamoja na wengine wengi akaachwa, kama samaki wanavyoachwa, na alikuwa amechelewa maisha yake yote bila mtu kumwuliza. Alifikiri juu ya magamba yake pia, tusimsingizie. Kisha akasema, "Shika vizuri basi." Akapanda naye.

Mishipi ilikuwa pale pale inaning'inia. Vidole vya Thembo vilikuwa vimekufa ganzi, haviwezi kushika hata mmoja. Basi kambare alifungua kinywa akaipokea yeye. Akaipokea yote, huku na huku ya midomo yake, na miiba ikaingia. Aliumia. Alitikisa kichwa.

Juu, Kabugho alihisi mshipi wake umekuwa hai. "Shangazi!" alipiga ukelele. "Kuna kitu! Shangazi, ni kizito!"

"Ndiyo, ni mzito!" Kavira akajibu kutoka ukingoni, machozi na kamasi vimechanganyika. "Ni mzito, najua, kosa ni langu! Vuta, mwanangu! Vuteni wote!"

Watoto wakavuta wakiwa wamelala vile vile, wakisota nyuma kwa viwiko. Kikatokea kichwa cha kambare, kikatokea kichwa cha Thembo kimeegemea mgongoni pake. Shimo lilikuwa jembamba na kingo zake zilikata kama kisu. Kambare alijipitisha kwa nguvu. Magamba yakabanduka. Yalibanduka ubavu wa kulia, yakabanduka ubavu wa kushoto, yakaporomoka majini yakimetameta mpaka hakubaki nalo hata moja, na bado alikuwa anajisukuma. Wakatoka. Watoto wakaendelea kuvuta bila kusimama, na kambare akajisaidia mwenyewe kwa tumbo na mapezi, akijinyonganyonga juu ya barafu na mtoto wa watu mgongoni, mpaka ukingoni.

Kavira alimpokea Thembo akamtia ndani ya ngozi aliyovaa, kifua kwa kifua, kama alivyokuwa akimtia alipokuwa mchanga. Alikuwa mrefu, miguu ilibaki nje. Akamsugua mgongo, akampulizia usoni, akamwita majina yote, hata yale ya utotoni ambayo mtoto mkubwa hapendi kuitwa mbele za watu. Thembo alikohoa, akatapika ziwa, akafumbua macho. "Mama," alisema, "nimepoteza mshipi." Kavira akamchapa kofi la mgongoni, kisha akambana tena, akacheka, akalia, akamchapa jingine. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Muhindo alikaa chini pale pale kwenye tope. Watoto nao walikuwa wakifika mmoja mmoja, wakitambaa, na kila aliyefika alinyakuliwa na kukaguliwa vidole kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa. Hakuna aliyepungua. Walijitazama wakaona hakuna aliyepungua, na kifua cha kila mtu kilifunguka, na hata moto ulionekana una joto zaidi.

Katika furaha ile, kambare akasahauliwa. Alikuwa amelala kwenye majani yenye umande, uchi, mweusi, mwili wote michubuko, anahema. Mtu mmoja aitwaye Kasereka, mwenye kupenda kula, alimzunguka mara mbili akachomoa kisu. "Jamani," alisema, "huyu anatosha watu wote, na supu inabaki."

"Mguse tuone," alisema Kavira.

Kasereka akakitazama kisu kama kitu asichokijua. Kavira akamnyang'anya, akapiga magoti mbele ya kambare. Alijaribu kuitoa mishipi, lakini miiba ilikuwa imeingia ndani ya nyama, na kila akivuta kambare anakunja uso. Basi akaikata, akaacha vipande vifupi vinaning'inia kila upande wa mdomo. Alikuwa na kibuyu cha mafuta aliyobeba ya kuwapaka watoto ngozi zisipasuke kwa baridi. Akayamimina yote viganjani akampaka kambare kichwani hadi mkiani, akarudia, mpaka michubuko ikaacha kuwaka na samaki yule akawa anateleza hashikiki.

Alikuwa anapaka huku amewapa watu mgongo. Kuungama ni rahisi zaidi ukiwa hivyo. "Mkungu ule," alisema, "niliutoa kwenye jalala."

 Kasereka akasema, "Mama Thembo, mkungu uliokufanya utwete mpaka uwanjani, nani asiuone?"

"Mjukuu wangu mwaka jana nusura aizidi ndizi," alisema Mzee Muhindo bila kuinua kichwa. "Mwaka huu akapita kama unyoya. Nilijua. Nilikohoa tu."

Mwingine akamtaja na wake. Mwingine naye. Ikaonekana hapakuwa na mzazi aliyedanganyika asubuhi ile. Kila mmoja alikuwa na mtoto aliyetaka abaki mtoto mwaka mmoja zaidi, na kila mmoja alimshukuru Kavira moyoni akamwachia dhambi peke yake. Waliona haya. Halafu Kabugho, samaki wake wa jana amekwisha kumrudisha kwapani, akauliza kama sasa ndizi zile zitaliwa au vipi, na watu wakaangua kicheko wasichoweza kukizuia, kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Kambare alikuwa amefumbua macho. Alivuta hewa, akaionja, akavuta tena. Akageuka ajitazame ubavuni kama alivyozoea. Akatazama kwa muda mrefu.

"Yalikuwa mazuri," alisema.

"Yalikuwa mazuri sana," alisema Kavira. 

"Na kule chini hakuna atakayenililia nikichelewa."

Kavira alimtazama mwanawe aliyekuwa anatetemeka ndani ya ngozi karibu na moto, akamtazama tena samaki. "Twende nyumbani," akamwambia. Hakumwambia kama mgeni, alimwambia kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaita watoto wake wote jioni.

Basi walishuka naye. Kambare alijikokota mwenyewe kwenye majani mabichi nyuma ya watoto, akijipinda na kuvuta hewa, na jua lilipokuwa kali Thembo alimbeba, akamwangusha, akamwokota, akamwangusha tena kwa vile alivyokuwa anateleza. Walipofika bondeni walimtia kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya shamba la Kavira. Maji yake yalikuwa mazito, hayaonyeshi kitu. Kambare alisema hayo ndiyo mazuri, maana sasa hana cha kujitazamia.

Kesho yake Kavira alimkabidhi Thembo jembe. Alilitoa mlangoni, mpini mpya, na Thembo alilipokea kwa mikono miwili. Kavira alisimama akamtazama akienda shambani, akaona jinsi mgongo ulivyokwisha kuwa wa mwanamume, na ilimuuma kama alivyojua itamuuma. Lakini alikuwa anamwona. Alikuwa yuko pale, anatembea, anapiga mluzi, anakwepa mawe. Kavira alikaa kizingitini akacheka peke yake kwa furaha.

Watu wa bonde hawakupanda tena kuvua kwenye barafu, na barafu, ilipoona hakuna anayeitembelea, ilijivuta taratibu mpaka kileleni ikakaa huko. Lile gogo la mizani lilipasuliwa kuni.

Na tangu siku hiyo kambare ana ndevu nyeusi pembeni mwa mdomo, na hana gamba hata moja, na ukimshika anakuponyoka. Tangu siku hiyo anaishi chini huku pamoja na watu, kwenye maji ya matope, na mvua ikinyesha humkuta akikatiza majani kwa tumbo kutoka dimbwi moja kwenda jingine. Mara kwa mara hupanda juu, akatoa pua, akavuta hewa. Wengine husema ni pumzi tu. Lakini mtazameni vizuri: hakai juu, wala hatafuti chakula. Anasikiliza kama kuna anayemlilia mtoto. Akikuta kimya, anashuka.

Mtu mzima akimvua, anamla, na ni mtamu, hakuna aliyekataza. Ila kambare aliyevuliwa na mtoto haendi nyumbani. Mtoto humshika kwa ndevu zile, humwinamia, humtajia jina la mama yake, ajue ni kilio cha nani cha kusikiliza, kisha humwachia. Na mama, akiwa amepiga magoti kwenye maji juu ya kinamasi anafua, akisikia jina lake likitajwa kutoka kinamasini, hainui hata kichwa. Anajua mtoto wake yuko ukingoni, mzima. Anaendelea kufua.